Jimbo la Maine linavyobembeleza watu wahamie, huku waliofika wakisubiri ruhusa ya kufanya kazi

Ukiingia jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, kwa barabara kuu ya kutokea kusini, utakutana na kibao chenye ujumbe mfupi: "Karibu Nyumbani." Kiliwekwa mwaka 2019, mwaka wa kwanza wa Gavana Janet Mills madarakani. Hakimlengi mtalii peke yake. Kinamlenga pia mtu anayefikiria kuhama jumla.

Mwaka huohuo, mwezi Juni, mamia ya watu walifika Portland, mji mkubwa kuliko yote jimboni humo. Wengi walitokea Kongo na Angola, na kati yao wamo wanaoongea Kiswahili. Mji ukawalaza kwenye uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu. Walitaka kazi, na waajiri walitaka wafanyakazi. Lakini sheria iliwataka wasubiri kwanza.

Kwa nini Maine inatafuta watu?

Kwa kifupi, imezeeka. Nusu ya wakazi wake wana zaidi ya miaka 44 hivi, na hakuna jimbo lingine Marekani lenye umri wa kati mkubwa kiasi hicho. Kwa zaidi ya miaka 10, wanaokufa wamekuwa wengi kuliko wanaozaliwa. Jimbo zima lina watu takriban milioni 1.4 tu, yaani Dar es Salaam inalizidi mara kadhaa.

Hii si habari ya takwimu tu. Zipo nyumba za kutunzia wazee zilizofungwa kwa kukosa wahudumu, na familia zikalazimika kumpeleka bibi au babu mji wa mbali.

Ndiyo maana mpango wa uchumi wa miaka 10 uliotolewa mwishoni mwa 2019 uliweka lengo la kuongeza watu 75,000 kwenye nguvu kazi ifikapo 2029.

Kutoka likizo hadi makazi

Kujitangaza kwa watalii, Maine wamekuzoea zamani. Tangu 1936 vibao vya namba za magari vimebeba neno Vacationland, yaani nchi ya likizo. Na bidhaa yenyewe ipo: kamba koche wanaosifika dunia nzima, pwani yenye miamba, na hifadhi ya taifa ya Acadia inayopokea karibu watembeleaji milioni 4 kwa mwaka.

Shida ni kwamba mtalii huja Julai na kuondoka kabla ya theluji. Kumshawishi mtu avumilie Januari ya Maine kunahitaji zaidi ya picha nzuri.

Hapo ndipo pesa inapoingia. Tangu mwaka wa kodi wa 2022, mtu mwenye mkopo wa chuo anayeishi Maine na kupata kipato chake kwa kazi anaweza kurudishiwa hadi dola 2,500 kwa mwaka kupitia kodi, kulingana na kiasi alicholipa kwenye mkopo huo. Kikomo ni dola 25,000 maishani. Hahitaji kuwa amesoma Maine. Hata kama kodi anayodaiwa ni ndogo, tofauti anapewa mkononi. Kwa kijana anayekatwa mkopo kila mwezi, ofa hii ina uzito kuliko tangazo lolote la video.

Mbona waliofika hawafanyi kazi?

Kwa sababu kibali cha kazi cha mwomba hifadhi hakitolewi na jimbo. Hutolewa na serikali kuu, Washington.

Utaratibu uliowakuta waliofika Portland uko hivi. Mtu anawasilisha kwanza ombi la hifadhi. Zikipita siku 150 ndipo anaruhusiwa kuomba kibali cha kazi, na hakipati kabla ya siku 180. Miezi sita, na hiyo ni kama kila kitu kimeenda sawa. Siku hazianzi kuhesabiwa anaposhuka kwenye basi. Zinaanza ombi linapopokelewa, na ombi lenyewe linajazwa kwa Kiingereza, likiwa na maswali ya kisheria ambayo wengi hawawezi kuyajibu bila wakili. Mawakili wa bure ni wachache.

Katika kipindi hicho mtu anaishi kwa vocha za kodi ya nyumba na chakula kutoka manispaa, ambayo hurudishiwa na jimbo asilimia 70 ya gharama. Kwa hiyo jimbo lilelile linalotoa pesa ili wafanyakazi waje linajikuta likilipa pia ili watu wenye nguvu zao wakae bila kazi. Mlipakodi anayelalamikia vocha hizo ana hoja, ila lawama nyingi humwangukia mgeni, ambaye si yeye aliyeandika sheria.

Viongozi wa Maine wanalijua hilo. Seneta Susan Collins wa Republican na mbunge Chellie Pingree wa Democratic, vyama ambavyo ni nadra kukubaliana kuhusu uhamiaji, kila mmoja alipeleka muswada wa kupunguza kusubiri hadi siku 30. Miswada ikakwama.

Na nyumba je?

Hapa wageni wote wanakutana, mwenye digrii na mwenye begi moja. Wakati wa korona, watu kutoka miji mikubwa waligundua wanaweza kufanya kazi kwa kompyuta wakiwa kando ya bahari ya Maine. Tangazo likafanya kazi kupita kiasi, na bei za nyumba zikapaa.

Utafiti wa jimbo wa 2023 ulikadiria kuwa Maine inahitaji nyumba mpya kati ya 76,000 na 84,000 hivi ifikapo 2030. Karibu nusu ni pengo la nyuma, nyumba ambazo zilipaswa kuwa zimejengwa tayari.

Mwaka huohuo wa 2023, kundi jingine la waomba hifadhi lilipofika Portland na malazi ya mji yakiwa yamejaa, vitanda vilirudishwa kwenye uwanja uleule wa mpira wa kikapu.