Mjukuu Haingii Kwenye Mirathi

Baada ya kuanua matanga huitishwa kikao cha ukoo. Msimamizi wa mirathi anachaguliwa, madeni ya marehemu yanasomwa, shamba na pikipiki vinatajwa, hata hesabu ya rambirambi na turubai za kukodi inafungwa hapohapo. Watoto nao hutajwa, lakini kwa swali moja tu: watakaa na nani? Kwamba babu na bibi wa upande wa pili watawaona lini, wapi na kwa mpango gani, hakuna anayeuliza, maana siku hiyo watu bado wanalia pamoja na hakuna anayedhani mlango utakuja kufungwa. Unafungwa baadaye, polepole. Mjane anarudi kwao au anahamia mji mwingine, simu zinapungua, likizo ya Juni inapita, ya Desemba inapita, na wazee waliomzika mwana wao wanagundua kwamba na wajukuu wanawatoka. Naamini wazee hao wana dai la haki. Naamini pia kwamba wengi wao hulipoteza wenyewe, kwa kulichanganya na mali aliyoiacha marehemu.

Kesi inayotajwa sana katika jambo hili ni ya Troxel dhidi ya Granville, iliyoanzia jimbo la Washington, Marekani. Baba wa mabinti wawili, ambaye hakuwa amefunga ndoa na mama yao na walikuwa wameshaachana, aliishi kwa wazazi wake na kuwaleta watoto huko mwisho wa wiki. Alifariki Mei 1993. Kwa miezi michache wajukuu waliendelea kwenda. Ilipofika Oktoba mama akawaambia wazee kwamba sasa iwe mara moja kwa mwezi, tena kwa muda mfupi. Desemba wazee wakaenda mahakamani. Walitaka wikiendi mbili za kulala kila mwezi na wiki mbili za likizo ya kiangazi. Jaji akawapa wikiendi moja kwa mwezi, wiki moja ya kiangazi, na saa nne katika siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wa wazee hao. Mama akakata rufaa, na tarehe 5 Juni 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3.

Sababu za uamuzi huo zinafaa kusomwa na kila babu anayefikiria kumtafuta wakili. Sheria ya Washington ilimruhusu mtu yeyote, wakati wowote, kuomba kumtembelea mtoto wa mwenzake, na jaji wa kwanza hakuupa uzito wowote uamuzi wa mama ambaye hakuna aliyemtuhumu kwamba hafai. Mahakama ya Juu ikaona kwamba mzazi anayefaa huhesabiwa kuwa anamtakia mwanawe mema mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini kuna jambo lingine linalonigusa zaidi. Mama yule hakuwa amekataa wazee wasiwaone watoto. Ugomvi ulikuwa wa mara ngapi na kwa muda gani, na ulikula miaka sita na nusu. Kwa umri wa mtoto, hiyo ni karibu shule yote ya msingi.

Ufaransa wamelishika jambo hili kwa upande mwingine. Kifungu cha 371-4 cha sheria yao ya kiraia kinasema mtoto ndiye mwenye haki ya kuwa na uhusiano na babu na bibi zake, na kwamba kinachoweza kuizuia haki hiyo ni masilahi ya mtoto mwenyewe tu. Mimi naona hapo ndipo penye busara. Ukishasema haki ni ya mtoto, babu hawezi tena kuuliza amepata wikiendi ngapi kana kwamba anagawiwa mavuno, na mama naye hawezi kumfungia mkwe mlango kwa sababu tu hampendi.

Kwetu mgawo wenyewe ndio unaoharibu. Kanuni za mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963, ambazo bado hutajwa katika kesi za mirathi, zinamweka mjane pembeni mbele ya ndugu wa ukoo wa mumewe. Wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa na wakwe katika nyumba walizoishi na waume zao, wao na watoto wao, walipeleka malalamiko hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa. Katika familia za Kiislamu sheria ni tofauti, lakini wahusika wanakutana vilevile: marehemu akiacha watoto, baba yake na mama yake kila mmoja ana sudusi yake, kwa hiyo babu, bibi na mjukuu ni warithi wa mali moja. Ile ni haki yao, sina neno nayo. Ila mwanamke anayeshindana na wakwe kuhusu nyumba Jumatatu hatawavalisha watoto nguo nzuri awapeleke kwa bibi Jumamosi. Na bibi anayesema anamtaka mjukuu huku mwanawe mwingine ameshikilia kadi ya gari la marehemu, asishangae akidhaniwa kwamba anaitaka na kadi.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu: mtoto ni wa ukoo wa baba, mahari ilitolewa, babu haombi ruhusa ya kumwona wa kwake. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu pale ukoo ulipokuwa jirani na ulipomlisha mtoto kila siku. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatazama malezi: ndugu ambaye amekuwa akimlea mtoto anaweza kuiomba mahakama nafasi ya kumtembelea, na mahakama hupima masilahi ya mtoto, maoni yake, na malezi aliyoyazoea. Babu aliyekuwa akimpeleka mjukuu shule ana cha kueleza mbele ya hakimu. Babu aliyemjua mjukuu siku ya mazishi hana, hata kama wanafanana kama sarafu mbili.

Pingamizi zito zaidi ni la mjane. Wakwe wamemwita mchawi aliyemuua mume wake, kisha wanataka awaamini na watoto? Hapana, hana wajibu huo, na mwandishi yeyote asimshinikize. Penye matusi, vitisho au hofu ya mtoto kufichwa, kukataa ni ulinzi. Lakini penye kinyongo tu, gharama inamwangukia asiyehusika. Bibi anayemwita mjukuu wake wa kiume “mume wangu” na kumsimulia jinsi baba yake alivyokuwa akitoroka shule ndiye anayemjua marehemu akiwa mtoto. Mama hakuwepo. Hayo mtoto hatayapata kwingine, na wazee hawakai milele.

Kwa hiyo ninyi wazee ambao msiba wenu bado mbichi, msingoje mirathi iishe. Mpigieni mama wa watoto wiki hii, yeye mwenyewe, wala msimpitie shemeji. Ombeni Jumamosi moja, nyumbani kwake kama anapenda, na mkubali muda atakaowapa. Akikataa, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mkazungumze mbele ya mtu wa kati, kabla hamjafikiria hakimu. Na siku mtakayokwenda kumwona mtoto, suala la nyumba msilitaje.