Tunazipimaje Huduma kwa Wanawake Waliofanyiwa Ukatili?

Kila mwaka kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba huadhimishwa Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia. Parokia husali, huandaa semina na kutembelea Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Ni kazi njema, lakini taarifa zake ni rahisi kuishia kwenye hesabu: semina ngapi, washiriki wangapi, mashauri mangapi yamesuluhishwa. Hesabu hizo hazijibu swali kuu: mwanamke aliyekuja kwetu akilia, leo yu salama?

Swali hili haliwahusu watu wachache. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kwamba, kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walikwisha kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wao. Hao ndio mama na dada zetu tunaoketi nao benchi moja siku ya Dominika.

Huduma zipo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo hutolewa fomu ya PF3. Baadhi ya hospitali zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako tiba, ushauri nasaha, polisi na msaada wa kisheria hupatikana mahali pamoja. Parokiani wapo paroko, viongozi wa jumuiya na WAWATA. Tuzipime huduma hizi, na zetu zikiwemo, kwa mambo matatu.

La kwanza ni muda. Aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Akizungushwa kwa siku tatu kutoka kikao hadi kikao, amenyimwa kinga ambayo hawezi kuipata tena.

La pili ni siri. Habari aliyoisema kwa mtu mmoja ikisikika kisimani kesho yake, hatarudi, na wenzake hawatakuja.

La tatu ni usalama baada ya msaada. Tuchukue mfano wa mke aliyepatanishwa na mumewe mbele ya jumuiya, kisha usiku akapigwa kwa kosa la kumwaibisha. Katika daftari letu shauri hilo limefungwa; nyumbani kwake limeanza upya.

Hapa tuseme wazi: kumwambia anayepigwa avumilie kwa kuwa huo ndio msalaba wake si mafundisho ya Mama Kanisa. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inatambua kwamba mwenzi anayemhatarisha vikali mwenzake au watoto, kiroho au kimwili, anampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kutengana kunaweza hata kuwa wajibu wa kimaadili, ili kumwokoa mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo. Upatanisho wa kweli haujengwi juu ya hofu.

Namna ya kuuliza nayo isije ikaleta madhara. Aulizwe na mtu aliyefunzwa, akiwa peke yake, wala si mbele ya mume au mavyaa. Asilazimishwe kusimulia upya yaliyompata, na jina lake lisiandikwe kwenye taarifa. Yatosha kumuuliza: Ulisikilizwa bila kulaumiwa? Ulifika kule tulikokuelekeza? Tangu siku ile unalala kwa amani? Ungemleta dada yako kwetu? Akijibu hapana, tusijitetee. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Tunaziomba Halmashauri za Walei ziyaweke maswali haya katika kikao kijacho, pamoja na jina la mhusika mmoja wa kufuatilia. Msamaria Mwema hakuishia kumfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni na kulipa gharama. Aliahidi pia kupita tena wakati wa kurudi. Nasi tupite tena kwa wale tuliowahi kuwasaidia.