Samaki Adonoapo Bila Kishindo

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Iko mvua, hata hivyo, inyeshayo pasipo wingu. Mvuvi wa trauti katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua anaifahamu vyema. Nami, mwalimu wa isimu nivuaye huko nyakati za likizo, naona ana somo kwa walimu wenzangu.

Trauti si wenyeji wa maji yetu. Waliletwa na walowezi mwaka 1905 wakatiwa katika Mto Gura. Sehemu kubwa ya chakula chao ni tunutu, yaani wadudu wachanga waishio majini kabla ya kuota mabawa. Mvuvi huivika ndoana manyoya na nyuzi hata ifanane na tunutu, kisha huiacha ichukuliwe na mkondo. Samaki haikimbilii. Hufungua kinywa, huionja, na akigundua hila huitema kabla mkono wa mvuvi haujahisi lolote. Angojaye mtetemo katika ufito atarudi na kapu tupu.

Basi atazame nini? Atazame ncha ya mshipi inayoelea. Ikisita, ikienda kombo, ikizama ghafla, au ikiachwa nyuma na povu lililo kando yake, ainue ufito papo hapo. Pengine ni jiwe tu, lakini kuinua bure si hasara. Pengine dalili ni mmweko wa ubavu wa samaki, au weupe wa kinywa kikifunguka. G.E.M. Skues, wakili Mwingereza aliyeutetea uvuvi wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1910, aliwahimiza wenzake wasiutazame uso wa maji peke yake.

Isimu hutufundisha kuwa ishara hupata maana kwa kutofautiana na nyingine. Kusita kwa mshipi si kitu ila kwa aliyekwisha kuujua mwendo wake wa kawaida. Ndivyo ilivyo darasani. Mwanafunzi asiyeelewa ni nadra kunyosha mkono. Kalamu yake husita, macho yake huhamia daftari la jirani, jibu lake huchelewa kidogo.

Kwa hiyo napinga desturi ya kuuliza "Mmeelewa?" na kuridhika na itikio la pamoja. Itikio hilo ni uso wa mto tu. Tumwombe mwanafunzi mmoja, kwa upole, aeleze somo kwa maneno yake mwenyewe. Kama alikuwa ameelewa, hatukupoteza kitu. Tukingoja mtihani ndio utuambie, tutakuwa tumechelewa.