Chuo cha filamu kipimwe kwa kazi za wanafunzi wake

Kijana wa Uvira anayetamani kazi ya filamu au televisheni huulizwa kwanza atapata diploma gani. Swali la kwanza liwe jingine: chuo hicho kitamshikisha kamera mara ngapi, na nani atakosoa kazi yake? Dieudo Hamadi wa Kisangani alisomea tiba kabla ya kujifunza filamu katika warsha. Mwaka 2020 filamu yake En route pour le milliard, kuhusu wahanga wa vita vya siku 6 vya Kisangani wanaoshuka mto Kongo kwenda Kinshasa kudai fidia, iliteuliwa na tamasha la Cannes. Huko Goma, kituo cha utamaduni cha Yole!Africa hufundisha vijana kwa kuwapa filamu za kutengeneza.

Wazazi watasema, na wana haki, kwamba waajiri wengi hudai cheti. Institut National des Arts ya Kinshasa hufundisha sanaa za maonyesho katika ngazi ya elimu ya juu. Lakini Kinshasa ni mbali na gharama ni kubwa, tena cheti peke yake hakimwonyeshi mtayarishaji uwezo wako. Basi, kabla ya kulipa ada, omba kutazama filamu za wahitimu, ulizia kamera na kompyuta za uhariri, ujue walimu wenyewe wametengeneza nini. Chuo kisichoweza kujibu hakistahili fedha za familia.