Breka ikishuka nyumbani, usikimbilie kuipandisha

Saa moja usiku. Wali uko jikoni, mtoto anamalizia kazi ya shule, mara giza. Unachungulia dirishani, kwa jirani taa zinawaka. Unaangalia LUKU, uniti zipo. Basi tatizo liko ndani kwako, na huenda sakiti breka imeshuka.

Wengi wetu huipandisha hapo hapo. Ikishuka tena, tunapandisha tena huku tukiilaumu kuwa ni mbovu. Mara nyingi si mbovu. Inakuonya.

Kwa nini inashuka?

Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni mzigo kuzidi. Umeme wa majumbani ni volti 230, hivyo breka ya soketi iliyoandikwa 20, yaani ampea 20, hubeba takriban wati 4,600. Ukiwasha pamoja birika la wati 2,200, jiko la umeme la wati 2,500 na pasi ya wati 1,500, umefika wati 6,200. Hapo breka haishuki papo hapo. Hupata joto kwanza, kisha hukata baada ya muda.

Ya pili ni shoti, pale waya zinapogusana. Hii hukata mara moja, pengine kwa mlio.

Ya tatu ni umeme kuvuja. Nyumba nyingi zina breka pana yenye kitufe kidogo cha T. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika kama miliampea 30, inakata ili usikuue. Chunguza hita ya maji, pasi ya zamani au taa ya nje iliyoingia maji ya mvua.

Ufanye nini?

1. Kukiwa na harufu ya kuungua au maji karibu na breka, usiguse. Ita fundi.
2. Mikono ikiwa mikavu na umevaa viatu, zima na uchomoe kila kitu kwenye soketi.
3. Shusha breka hadi chini kabisa, kisha ipandishe. Baadhi husimama katikati na hazikubali kupanda kabla ya kushushwa.
4. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja. Kitakachoishusha ndicho chenye tatizo, au ndicho kilichozidisha mzigo.
5. Ikishuka wakati hakuna kilichochomekwa, huenda tatizo liko kwenye waya. Iache chini, ita fundi.

Kosa tulilofanya sisi

Nyumba niliyokuwa nimepanga zamani, breka ya soketi ilishuka karibu kila jioni. Wapangaji tukachanga, tukaita fundi wa mtaani. Dakika tano tu, akatoa ya 20 akaweka ya 40. Tukamshukuru, maana haikushuka tena.

Baada ya miezi miwili tukaanza kusikia harufu ya plastiki. Soketi iliyokuwa nyuma ya friji ilikuwa imegeuka nyeusi, na waya ndani ya ukuta zilikuwa zimeyeyuka. Ukuta wa pili yake walikuwa wamelala watoto wa jirani yetu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba breka imewekwa kulinda waya. Waya ya soketi kwa kawaida ni ya milimita za mraba 2.5. Ukiweka breka ya 40, waya itaungua kabla breka haijaona tatizo.

Kwa hiyo fundi akikuambia, "Nikuwekee kubwa zaidi," muulize kwanza waya iliyo ukutani ni ya ukubwa gani. Mtafute mwenye leseni ya EWURA, na usione aibu kumwomba akuonyeshe. Mzigo ukiwa ndio tatizo, dawa ya leo haina gharama: piga pasi kwanza, kisha ndipo uchemshe chai.