Mkono ukigoma kufunga belo, atafutwe nani mjini?

Mfanyabiashara wa Namanga aliyepatwa na kiharusi huenda akatembea tena baada ya wiki kadhaa. Lakini mkono bado hauhesabu noti, haufungi kamba ya belo, hata kifungo cha shati kinaushinda. Wengi hubaki kwenye mazoezi ya viungo, kumbe mtu wanayemhitaji ni mwingine.

Kenya huyo huitwa mtaalamu wa tibakazi. Tanzania ni mtoa tiba kwa vitendo. Anayevuka mpaka na kuuliza kwa jina la kwao anaweza kuzungushwa mapokezi kutwa nzima. Kazi yenyewe ni ileile: kumfundisha mgonjwa upya shughuli zake za kila siku, kuvaa, kupika, kushika kalamu. Pale nguvu zisiporudi, humtafutia namna nyingine ya kuzifanya.

Jijini Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta inayo huduma hiyo. Ni vizuri kwenda na barua ya rufaa. Kwenye kliniki binafsi, ambako bei si za mchezo, mtu aombe kuona leseni, kwani sheria ya mwaka 2017 iliweka baraza la kuwasajili. Dar es Salaam kuna Muhimbili na MOI. Ila kutoka Namanga, Dar ni mbali bure: KCMC ya Moshi ndiko wataalamu hao hufundishwa.

Siku ya kwanza aende na kamba yake na daftari la mauzo. Mtaalamu atataka kuona hasa anaposhindwa, na picha ya eksirei haionyeshi hilo.