Kiungulia Moba: dawa ya wiki 8 au safari ya kipimo?

Jioni, mtu anaingia duka la dawa mjini Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa ameshika kifua. Anaomba omeprazoli mbili. Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge viwili, na tarehe ya kuisha kwa dawa inabaki kwenye kipande cha dukani. Usiku kiungulia kinatulia. Baada ya siku chache kinarudi, na mkasi nao unarudi kazini. Mwisho wa mwezi franka zimetoka, umio haujapona.

Umio ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Asidi ya tumbo ikiupanda mara kwa mara, ukuta wake huvimba, hata ukachubuka. Tulinganishe njia nne za kuushughulikia.

1. Mazoea: bure
Kula bukari ya jioni mapema, zipite angalau saa 3 kabla ya kulala. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kulundika mito hakusaidii, maana kunakunja tumbo. Acha sigara, punguza pombe, na punguza uzito kama umezidi. Kwa kiungulia cha mara moja moja, haya yanaweza kutosha.

2. Dawa za kupoza asidi: bei ndogo, nafuu fupi
Vidonge vya kutafuna vya magnesi na alumini hutuliza upesi, lakini haviponyi vidonda. Magadi ya unga yana chumvi nyingi; mwenye presha ayaepuke.

3. Omeprazoli: ndiyo inayoponya
Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tafiti zilizokusanywa mwaka 1997 zilionyesha kwamba kundi la dawa za aina ya omeprazoli huponya umio wa wagonjwa 8 hivi kati ya 10. Kundi la simetidini, dawa nyingine za kupunguza asidi, huponya 5 hivi. Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 20 mara moja kwa siku, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula cha kwanza, kwa wiki 8. Imeze nzima, usiitafune. Hivyo ni vidonge 56. Zidisha bei ya kimoja mara 56, kisha uulize bei ya boksi zima lenye tarehe yake. Mjamzito, mtoto na anayetumia dawa nyingine wamwone daktari kwanza.

4. Kipimo cha kamera: ghali, ila kuna wasioweza kukikwepa
Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kinywani, akauona umio wenyewe. Ukilazimika kukitafuta mji mkubwa, Kalemie iko zaidi ya kilomita 130 kutoka Moba, Lubumbashi zaidi ya 500. Kabla ya kupanda boti, piga simu uulize: mashine inafanya kazi? Daktari wake yupo? Bei inajumuisha uchunguzi wa kinyama kitakachokatwa? Kisha jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, na gharama za msindikizaji.

Nani asafiri?
Chakula kikikwama kooni, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukikonda bila sababu au ukiishiwa damu, usijaribu dawa kwanza. Aliyetapika damu au kupata choo cheusi aende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Saratani ya umio ni tishio kubwa Afrika Mashariki, na chakula kukwama ni dalili yake. Asafiri pia aliyemaliza wiki 8 bila nafuu, au ambaye ugonjwa umemrudia alipoacha dawa.

Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda mlima kwenda Kirungu na kutulia ukipumzika yanaweza kuwa ya moyo. Hayo ni ya daktari, mara moja.

Kagua pia dawa ulizo nazo nyumbani. Doksisiklini ikimezwa bila maji ya kutosha, kisha ukalala, huunguza umio. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini nazo huuchokoza.

Uamuzi wetu: asiye na dalili za hatari, lakini kiungulia kinamrudia mara kwa mara, anunue dozi kamili ya wiki 8, aweke na matofali chini ya kitanda. Mwenye dalili hizo asiibanie pesa nauli ya boti. Anayepoteza zaidi ni yule anayenunua mbili mbili mwaka mzima: halipii kupona, analipia kuchelewa.